Kihisi cha joto la injini: Jinsi ya kukikagua na kukibadilisha

MWENYE gari anapoona mshale wa joto umepanda hadi kwenye alama nyekundu, watu wa kwanza kufika humwambia kwamba rejeta imekauka. Fundi naye akija, huinama kidogo, akagusa waya mmoja au miwili na kutoa hukumu: sensa imekufa. Huenda wote wakawa wamesema kweli. Huenda pia wote wakawa wamekosea, na gharama ya kosa hilo si ndogo, kwani kihisi chenyewe hakizidi ukubwa wa kidole gumba ilhali silinda hedi iliyopinda kwa joto huweza kumlazimu mwenye gari kutafuta injini nyingine.

Sensa inayozungumziwa hapa, bila shaka, si ile ya kuhesabu watu. Ni kihisi cha joto la maji yanayoipoza injini. Kwa nje kinafanana na parafujo nene ya rangi ya dhahabu yenye kichwa cha plastiki, ambamo huchomekwa plagi ya waya mbili. Ncha yake huzama ndani ya maji. Ndani ya ncha hiyo mna punje ndogo iliyotengenezwa kwa oksidi za metali, na tabia ya punje hiyo ndiyo siri ya kifaa kizima: kadiri inavyopata joto ndivyo ukinzani wake dhidi ya umeme unavyopungua. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliibaini tabia hiyo mwaka wa 1833 alipokuwa akichunguza salfaidi ya fedha. Waya wa kawaida wa shaba hufanya kinyume, yaani ukinzani wake huongezeka unapopata moto.

Kompyuta ya gari hupeleka umeme wa volti 5 kuelekea kwenye kihisi na kuangalia ni volti ngapi zinazosalia. Injini ikiwa baridi, ukinzani huwa mkubwa na volti hubaki juu. Ikipata moto, volti hushuka. Katika magari mengi yanayotengenezwa na makampuni ya Japani, kihisi kizima huonyesha ukinzani wa omu kati ya 2,000 na 3,000 kikiwa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na omu kati ya 200 na 400 kikifika nyuzi 80. Hivyo ndivyo vipimo viwili ambavyo fundi yeyote hana budi kuvikariri, kwani kwavyo aweza kumwepusha mteja na kununua asichokihitaji.

Habari hiyo moja ya joto hutumika kwa mambo mengi kuliko madereva wanavyodhani. Kwayo kompyuta huamua kiasi cha petroli ya kunyunyizia, wakati wa plagi kutoa cheche, na kasi ya injini gari linapokuwa limesimama. Ndiyo pia huamuru feni ya rejeta iwake. Katika magari ya gia za kujiendesha, huzuia gia ya juu isiingie kabla injini haijapata moto, na katika injini za dizeli huamua plagi za kupasha moto ziwake kwa muda gani kabla ya gari kupigwa stata.

Basi kihisi kinaposema uongo, uongo huo husambaa kote. Kikidai kwamba injini ni baridi ilhali imekwisha kupata moto, kompyuta huendelea kumwaga petroli kana kwamba ni alfajiri. Moshi mweusi hutoka, plagi huvaa masizi, harufu ya petroli husikika nyuma ya gari na tangi huisha mapema. Petroli ambayo haikuungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuzimua oili, na nyingine huenda kuchomekea ndani ya kichujio cha moshi kilicho chini ya gari, ambacho ni miongoni mwa vipuri ghali zaidi. Mwenye gari hulalamikia bei ya mafuta inayotangazwa kila mwezi, kumbe sehemu ya hasara hiyo inatoka kwenye kipuri kimoja kidogo.

Uongo wa pili ni kinyume cha huo. Kihisi kikidai kwamba injini ina moto ilhali ni baridi, petroli hupunguzwa, na gari hukataa kuwaka asubuhi. Wakazi wa Limuru, Nyahururu na Eldoret huipata adha hii zaidi kuliko wa Mombasa, kwa kuwa baridi ya huko huihitaji injini ipewe petroli ya ziada. Gari hupigwa stata hadi betri ikachoka, kisha lawama huelekezwa kwa betri.

Wakati mwingine kihisi hufa kabisa, au waya wake hukatika. Kompyuta hapo huwa haidanganyiki, kwa maana hupata kipimo kisichowezekana, kama vile nyuzi 40 chini ya sufuri, jambo ambalo halijawahi kutokea Nairobi. Huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi nambari ya kosa: P0118 ikiwa umeme haupiti, au P0117 ikiwa waya zimegusana. Kisha hujitungia kipimo cha kujikimu, kwa magari ya Toyota kikiwa nyuzi 80, na magari mengi huwasha feni mfululizo kwa ajili ya usalama. Ndiyo maana gari ambalo feni yake huunguruma mara tu ufunguo unapowashwa, injini ikiwa bado baridi, lafaa kushukiwa kwanza kihisi au waya zake.

Lakini hatari kubwa kuliko zote haitokani na kihisi kibovu. Hutokana na kihisi kizima kilichoachwa pakavu. Kifaa hiki hupima kile kinachokigusa, na kimeundwa kiguswe na maji. Bomba likipasuka njiani na maji yakamwagika, ncha yake hubaki ikining'inia kwenye hewa na mvuke, ambavyo haviupitishi moto kama maji yanavyoupitisha. Mshale waweza hata kurudi chini wakati ambapo chuma cha injini kinakaribia kuharibika. Dereva wa aina hiyo hufurahi kwamba gari limepoa, akaongeza mwendo. Mshale unaoshuka ghafla baada ya kupanda haufai kuaminiwa. Gari lafaa kusimamishwa papo hapo.

Isitoshe, mshale wenyewe katika magari mengi hutengenezwa usitembee sana. Hutulia katikati joto likiwa mahali popote kati ya nyuzi 75 hivi na zaidi ya 100, ili dereva asibabaike kwa kila mabadiliko madogo. Unapoanza kuondoka katikati, mambo huwa yamekwisha kuharibika. Toyota Vitz na magari mengine madogo hayana mshale kabisa. Yana taa ya samawati inayozimika injini ikishapata moto, na taa nyekundu ya kuonya. Katika magari mengi ya miaka ya hivi karibuni, kihisi kimoja ndicho hulisha kompyuta na dashibodi pia, hivi kwamba kikikosea, dereva na kompyuta hupotoshwa pamoja. Magari ya zamani yalikuwa na vihisi viwili, kimoja cha waya mmoja kwa ajili ya mshale na kingine cha waya mbili kwa ajili ya kompyuta, na baadhi yalikuwa na swichi ya tatu kwenye rejeta kwa ajili ya feni peke yake. Wengi wamewahi kununua kimoja wakitaka kingine.

Nchi yenyewe huongeza ugumu wake. Maji matupu huchemka yakifika nyuzi 100 huko Mombasa, lakini Nairobi, ambayo iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Timboroa, katika barabara ya Nakuru kuelekea Eldoret, huchemka karibu na nyuzi 91. Injini nyingi za kisasa hufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 100. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho hufungia shinikizo ndani, pamoja na kulanti, yale maji ya rangi ambayo kwa kuchanganywa nusu kwa nusu na maji safi hupandisha kiwango cha kuchemka. Mwenye gari anayetumia maji ya bomba na kifuniko kilicholegea, akapanda mteremko wa Mai Mahiu akiwa amebeba mizigo, huwa hana akiba yoyote. Kihisi kikimwonya, kitakuwa kimesema kweli tupu.

Maji ya kisima yana dhambi nyingine. Chumvi na chokaa iliyomo huganda kwenye ncha ya kihisi kama inavyoganda ndani ya birika, na utando huo hukichelewesha kuhisi joto. Kutu nayo hufanya hivyo hivyo. Kihisi kipya kikifungwa kwenye maji ya rangi ya chai ya rangi, hakitachukua muda kabla ya kufanana na cha zamani.

Kwa hivyo ukaguzi hutangulia ununuzi. Njia iliyo rahisi zaidi huhitaji kompyuta ya kupimia tu, ile ambayo siku hizi hata mafundi wa jua kali huwa nayo. Gari likiwa limelala usiku kucha, ufunguo uwashwe bila kupiga stata, kisha kipimo cha joto la maji kilinganishwe na kipimo cha joto la hewa inayoingia kwenye injini. Vyote viwili havina budi kukaribiana, kwa sababu gari zima limepoa hadi joto la mahali lilipolala. Kimoja kikisema nyuzi 18 na kingine 60, mwongo amejulikana. Baada ya hapo injini iwashwe na kipimo kitazamwe kikipanda. Kinapaswa kupanda polepole bila kuruka, hadi themostati ifunguke, ambayo kwa injini nyingi ni kwenye nyuzi 80 na kitu. Kipimo kinachoruka kutoka 50 hadi 110 na kurudi ni cha kihisi kibovu au plagi iliyolegea. Maji hayawezi kupata moto na kupoa kwa sekunde moja. Kipimo kinachopanda vizuri kisha kikakwama nyuzi 65 gari likiwa barabarani, aghalabu huashiria themostati iliyokwama wazi au iliyong'olewa, na kubadilisha kihisi hakutasaidia lolote.

Asiye na kompyuta hiyo aweza kutumia mita ya umeme. Plagi ya kihisi ichomolewe, na ncha za mita ziguse vipini viwili vya kihisi, injini ikiwa baridi, halafu ikiwa na moto. Kihisi kikiwa kimekwisha kutolewa, hata sufuria ya maji jikoni yatosha: kitumbukizwe ncha, maji yapashwe moto pole pole, na omu zishuke bila kukatika. Kabla ya kukilaumu, plagi na waya zake zichunguzwe pia. Vipini huota ukungu wa kijani, na magari yanayoegeshwa karibu na mashamba au majumba yenye nafaka hutafunwa waya na panya. Ufunguo ukiwa umewashwa na plagi imechomolewa, mita yafaa kuonyesha volti 5 hivi kwenye plagi ya upande wa gari. Zikikosekana, tatizo liko kwenye waya au kompyuta.

Ikithibitika kwamba kihisi ndicho kibovu, kazi ya kukibadilisha si ya kutisha. Mfano mzuri ni injini ya 1NZ ya Toyota yenye ukubwa wa lita 1.5, ambayo imo katika magari mengi ya Probox, Vitz, Ist na Fielder yaliyoko barabarani Kenya. Kihisi chake kimefungwa kwenye silinda hedi, upande wa gia boksi, chini ya eneo la kichujio cha hewa. Kichujio hicho kikiondolewa, mkono hupata nafasi.

Sharti la kwanza ni injini iwe baridi, na hapa hakuna mjadala. Kifuniko cha rejeta yenye moto kikifunguliwa, shinikizo huachiliwa ghafla na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke papo hapo, yakaruka hadi usoni. Watu wameungua vibaya kwa kukosa subira ya nusu saa. Bomba la juu la rejeta likishikika kwa kiganja bila kumchoma mtu, na likiminyika kwa urahisi, ndipo kifuniko huguswa, tena kwa kitambaa kinene na kwa kuzungushwa kidogo kidogo.

Waya hasi wa betri hutolewa. Maji hupunguzwa kupitia parafujo ya chini ya rejeta hadi yashuke chini ya kihisi, na hukingwa kwenye beseni safi ikiwa yatarudishwa. Wako mafundi wasiopunguza maji: huchomoa kihisi cha zamani kwa mkono mmoja na kuziba tundu kwa kipya kwa mkono wa pili, wakapoteza kikombe kimoja tu cha maji. Njia hiyo hufaulu, mradi injini iwe baridi kweli na kifuniko cha rejeta kiwe kimefungwa.

Plagi ya kihisi hutolewa kwa kubonyeza ulimi wake, si kwa kuvuta waya. Plastiki iliyokaa karibu na moto kwa miaka kumi na zaidi huwa kavu kama kaki, na ulimi ukivunjika, plagi haitashika tena. Kihisi hufunguliwa kwa soketi ndefu ya nambari 19. Spana ya kawaida huweza kutumika, lakini huteleza na kuponda pembe. Wosha au pete ya mpira ya zamani itafutwe, kwani mara nyingine hubaki imeng'ang'ania tunduni, na ikiwekewa nyingine juu yake maji yatavuja.

Kipya kilinganishwe na cha zamani kabla ya kufungwa: urefu wa ncha, unene wa meno, umbo la plagi. Kisha kipimwe kwa mita hapo hapo dukani. Ushauri huu una maana hasa katika maduka ya vipuri ya Grogan na barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambako kipuri halisi, cha bei nafuu, bandia na kilichokwisha kutumika huweza kuwekwa kwenye kaunta moja. Boksi lenye jina kubwa si ushahidi. Omu 2,400 kwenye hali ya hewa ya kawaida ni ushahidi.

Kihisi huanzwa kwa vidole, kisha hukazwa kwa nguvu ya Newton-mita 20 hivi kwenye injini hiyo. Nguvu hiyo ni ya kiganja, si ya bega. Silinda hedi ni ya alumini, na meno yake yakiharibika gharama hupanda mara nyingi. Kihisi kilichokuja na wosha yake hakihitaji gundi wala utepe mweupe wa mafundi wa mabomba. Kwa vihisi vya waya mmoja, utepe huo huweza kuleta balaa, kwa kuwa umeme wake hurudi kupitia mwili wa injini, na utepe ukiuzuia mshale hupotoka.

Kazi ambayo wengi huiharakisha ndiyo inayofuata: kutoa hewa. Maji humiminwa polepole, hita ya gari ikiwa imefunguliwa upande wa moto kabisa, na injini huachwa ikinguruma rejeta ikiwa wazi hadi viputo vikome. Themostati ikifunguka, maji hushuka na huongezwa. Kisha kifuniko hufungwa na injini huachwa hadi feni iwake na kuzima angalau mara mbili. Hewa iliyobaki hupenda kujificha juu ya silinda hedi, mahali pale pale kihisi kilipo, na hapo kipuri kipya kitatoa vipimo vya ajabu na kurudishwa dukani bila kosa. Asubuhi inayofuata maji yakaguliwe tena kwenye rejeta na kwenye chupa ya akiba. Nambari ya kosa hufutwa kwa kompyuta.

Zipo tiba mbili za njia ya mkato ambazo hupendwa sana na ambazo zafaa kukataliwa. Ya kwanza ni kuunganisha feni moja kwa moja kwenye ufunguo ili iwake daima. Ya pili ni kung'oa themostati na kuitupa. Zote huificha dalili. Injini isiyofikia joto lake hula petroli nyingi na oili yake hukusanya unyevu, na feni inayozunguka bila kupumzika hufa kabla ya wakati wake, mara nyingi kwenye msongamano wa magari ambako inahitajika zaidi. Gari lililofanyiwa hivyo likiuzwa, mnunuzi huwa hajui kwamba kinga zake zimeondolewa.

Kulanti ya zamani isimwagwe kwenye mtaro wala kuachwa ndani ya beseni uani. Aina nyingi hutengenezwa kwa ethilini glikoli, ambayo ina ladha tamu na ambayo huharibu figo. Kiasi kidogo chaweza kumuua mbwa, na mtoto akiinywa hukimbizwa hospitalini hata kama bado anacheza, kwa sababu sumu hiyo huchukua saa kadhaa kabla ya kujidhihirisha. Hutiwa kwenye mtungi wenye kifuniko, usiwe chupa ya soda, ikapelekwa kwenye gereji inayokusanya oili chafu.